Rangi ya bloku ya injini ya gari la zamani: angalia mafuta kwanza, moto baadaye

Ingia duka lolote la rangi za magari Kariakoo, mwambie kijana wa kaunta unataka rangi ya injini. Mara nyingi atakuletea kopo la kupuliza lenye picha ya moto na namba kubwa, 600 au 650. "Bosi, hii ndiyo kiboko, hata ekzosi haiiwezi." Hajakudanganya. Kopo hilo kweli ni la ekzosi, na hiyo ndiyo sababu halifai kwenye bloku, yaani mwili mkuu wa injini.

Injini inayopozwa kwa maji haifiki huko. Thermostati za magari mengi ya zamani hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 za sentigredi. Maji yakizunguka vizuri, ngozi ya nje ya bloku hubaki jirani na nyuzi 90, na ukikwama foleni ya Ubungo mchana inaweza kusogea hadi 110 au 120. Hedi, kichwa kinachokaa juu ya bloku, hupanda kidogo zaidi karibu na matundu ya ekzosi. Manifodi ya ekzosi, ile mifereji ya kutolea moshi iliyofungwa kwenye hedi, ndiyo yenye mambo yake: nyuzi 400, 500 na kuendelea ukipanda mlima na mzigo.

Sasa, rangi ya nyuzi 650 hutengenezwa kwa silikoni. Ukiigusa baada ya saa moja utasema imekauka, lakini haijakomaa mpaka ipikwe kwenye joto la nyuzi 200 hivi au zaidi. Manifodi huipika yenyewe. Bloku haitaipika hata gari likitembea miaka. Itabaki laini, na siku karbureta itakapodondosha petroli, ukifuta kwa kitambaa utaondoka na rangi pia.

Kwa hiyo namba ya moto kwenye kopo ikishavuka 150, imetosha. Fedha iliyobaki ipeleke kwenye uwezo wa kuvumilia petroli, oili na mafuta ya breki, na kwenye maandalizi ya chuma. Mwongozo huu umefuata mpango huo.

Hatua ya 1: Ijue injini yako ni ya nini

Chukua sumaku: ikinasa ni chuma, isiponasa ni alumini au aloi nyingine. Bloku nyingi za magari ya zamani tunayoyaona Dar ni chuma cha kasti (kilichomiminwa kwenye kalibu), lakini hedi hutofautiana. Land Rover Series yenye injini ya 2.25 ni chuma juu na chini. Morris Minor vivyo hivyo. Peugeot 504 na Datsun 1200 zina bloku ya chuma na hedi ya alumini. Volkswagen ya kobe ni habari nyingine kabisa: krankkesi yake (kasha kuu la injini) ni aloi ya magnesi, silinda ni chuma, hedi ni alumini, na haina maji hata tone.

Chuma cha kasti kina vinyweleo na hupokea rangi vizuri kikisafishwa sawasawa. Alumini hutengeneza utando wake wa oksaidi unaosukuma rangi itoke, hivyo inahitaji praima (rangi ya chini ya kushikisha) yenye asidi ya kung'ata, au praima ya epoksi juu ya alumini iliyokwanguliwa muda huohuo. Mimi hedi ya alumini naiacha bila rangi. Nyingi zilitoka kiwandani hivyo, na alumini iliyosuguliwa ikasafishwa inapendeza kuliko iliyopakwa silva.

Silva hiyo imeshakuwa ugonjwa. Gari likitaka kuuzwa, fundi anapitisha silva kwenye injini nzima, hozi na nyaya zikiwemo, kisha tangazo linasema "injini safi sana". Ukikuta silva, usidhani ndiyo rangi ya asili.

Kwenye VW ya kobe, krankkesi iache kama ilivyo na mapezi ya silinda usiyajaze rangi. Injini hiyo hupozwa kwa upepo unaopita kwenye mapezi, na rangi nene ni blanketi. Kinachopakwa pale ni mabati ya kuelekeza upepo, na kwa hayo rangi nyeusi nzuri inatosha.

Rangi ya asili ya bloku itafute mahali ambapo mwanga na brashi ya fundi havijafika: nyuma ya pampu ya mafuta, chini ya braketi ya injini maunti, ukingoni mwa gasketi ya zamani. Fungua kimoja, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, utaona. Injini ndogo za BMC, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza Morris, mara nyingi zitakuonyesha kijani. Chevrolet zina rangi ya chungwa inayojulikana dunia nzima, na Ford za Marekani kuanzia 1966 zilivaa buluu. Kipande chenye rangi iliyohifadhika ndicho utakachobeba kwenda kwa mchanganyaji. Picha ya simu usiitegemee, kioo cha simu kina rangi zake.

Kama asili haikusumbui na unataka tu injini ionekane vizuri, chagua rangi nyepesi kiasi: kijivu, buluu ya kati, kijani. Nyeusi huficha kila kitu, pamoja na oili inayovuja kwenye gasketi, na gari la zamani linalovuja bila kuonekana litakuacha porini Chalinze.

Hatua ya 2: Amua kama injini inatoka au inabaki ndani

Uamuzi huu unakata nusu ya bidhaa kabla hujaingia dukani. Injini ikiwa nje imefanyiwa ovahoo, uko huru kupuliza chochote. Ikiwa bado iko ndani ya gari, kupuliza ni kuchafua kila kitu kilicho jirani, na kuna sehemu za nyuma bunduki ya rangi haitafika kamwe. Hapo nunua rangi ya brashi. Enameli nzuri ya brashi hujisawazisha yenyewe, michirizi inapotea, na ukiwa na brashi mbili, moja pana na moja ya kuchorea, utafanya kazi ambayo mtu hatajua haikupulizwa.

Usilipe rangi ya bei kubwa kupaka injini inayovuja. Ziba uvujaji kwanza. Kagua pia vile vifuniko vya bati vilivyogongwa ubavuni mwa bloku kuziba njia za maji. Vikianza kutoboka kwa kutu, badilisha sasa, kwa sababu kukigonga kingine baadaye ni kuharibu rangi mpya.

Hatua ya 3: Chagua ukoo wa rangi

Kuna koo nne utakazokutana nazo sokoni, na kila moja ina tabia zake.

Rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya mageti na matrekta. Mafundi wengi wa mtaani wanaitumia, na kusema kweli si ya kudharau kama watu wa mitandaoni wanavyoisema. Inashika kwenye joto la bloku. Udhaifu wake ni petroli: ikiachwa ilowe, inalainika. Pia huchukua muda mrefu kukomaa, na rangi nyeupe au krimu hugeuka njano kwa joto. Kwa Land Rover ya shamba Bagamoyo, bado ningeipaka kwa moyo mweupe, juu ya chuma kilichosafishwa vizuri. Ikiwa mtengenezaji anauza hadna (dawa ya kugandisha rangi) yake maalumu kwa rangi hiyo, nunua, itaongeza ugumu. Hadna ya kubahatisha kutoka kopo jingine usiiweke.

Enameli ya injini, ya kopo la kupuliza au ya brashi. Hii ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi yenyewe. Makopo ya VHT au Dupli-Color yanayofika hapa yameandikwa uvumilivu wa nyuzi 260 hadi 288 hivi, na inapokomaa huvumilia oili na petroli ya kudondoka. Angalia maandishi: liwe limeandikwa ni kwa ajili ya injini. VHT hiyohiyo inauza pia rangi ya manifodi, kopo linafanana, kazi tofauti kabisa. Kwa mtu anayefanya mwenyewe nyumbani Kinyerezi au Mbezi bila kompresa, chaguo langu ni hili. Kasoro yake ni kwamba unachukua rangi iliyopo rafuni. Kijani cha BMC ukikikosa, umekikosa.

Rangi yenye hadna, ile mafundi wa bodi wanaita tu-kei. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Petroli haiigusi, mafuta ya breki yanahangaika nayo, na mchanganyaji anaweza kukupa rangi ileile ya kipande ulichobeba. Joto la bloku la nyuzi 100 na ushei inalibeba bila shida. Isogeze mbali tu na manifodi. Eneo la hedi linalokaa karibu kabisa na ekzosi liache au lipake enameli ya injini.

Lakini hadna hiyo ina aisosayaneti, na hapa sitazunguka. Mvuke wake huharibu mapafu na unaweza kukuachia pumu ya maisha, na hauna harufu ya kukuonya mapema. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu, na barakoa za hospitali pia. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, glavu, na mahali penye hewa inayotoka. Huna hivyo, peleka bloku kwa fundi rangi mwenye chumba cha kupulizia, au rudi kwenye enameli. Uani kwenye nyumba ya kupanga, watoto wakicheza pembeni, rangi hii haipulizwi.

Rangi ya silikoni ya joto kali. Tumeshaiongelea. Nunua kopo moja kwa ajili ya manifodi, na usiipeleke mahali pengine.

Wapo watakaokushauri rangi ya unga inayochomwa kwenye tanuru. Inafaa kwa kifuniko cha tapeti na braketi. Bloku kubwa ya chuma cha kasti iliyonyonya oili miaka 50 ukiiweka kwenye tanuru itaitapika ile oili chini ya rangi.

Hatua ya 4: Praima itoke ukoo mmoja na rangi

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, na lawama hupewa rangi ya juu isiyo na kosa.

Redi oksaidi ya mageti ni rahisi kupatikana, na chini ya rangi ya mafuta ya kawaida haina tatizo. Ukipuliza tu-kei juu yake, tina ya ile rangi inaingia chini, praima inavimba, na uso wote unakunjamana kama utando wa maziwa yanayochemka. Chini ya tu-kei weka praima ya epoksi yenye hadna yake, mkono mmoja mwembamba. Chini ya enameli ya injini weka praima ya kampuni hiyohiyo iliyoandikwa ni ya injini, au usiweke kabisa, kwani nyingi zimeandikwa zinashika moja kwa moja kwenye chuma kisafi. Praima ya kung'ata iache kwa alumini, na usifunike kwa epoksi kama maelezo ya kopo hayaruhusu. Asidi yake inaweza kuzuia epoksi isikomae.

Mastiki ya bodi isikaribie bloku. Ule mkwaruzo wa mchanga wa kalibu ndio sura ya injini ya zamani, na mastiki itapasuka kwa joto la kila siku.

Usipake rangi ndani ya injini pia, hata kama umeona Wamarekani wanafanya. Kipande kimoja kikibanduka kikaziba kichujio cha pampu ya oili, utalipia krankshafti.

Hatua ya 5: Kununua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Kwa injini ya silinda nne, makopo mawili ya kupuliza ya rangi na moja la praima hutosha, na hubaki kidogo ya kurekebishia. Kwa rangi ya brashi, nusu lita ni nyingi. Silinda sita, kama Land Cruiser za zamani, ongeza kopo moja la rangi. Yote yanunue siku moja na yawe na namba moja ya toleo, maana buluu ya shehena hii na buluu ya shehena ile zinaweza kutofautiana.

Shika kopo ulitikise. Kidude cha chuma ndani kinapaswa kugonga wazi baada ya mitikiso michache. Kisipogonga, rangi imeganda chini. Geuza kitako uangalie tarehe. Kataa kopo lililopangwa mbele ya duka likapigwa jua miezi. Chukua la ndani. Kopo lenye kutu shingoni, au lebo ambayo herufi zake zimepinda, liache hapo. Muulize muuzaji risiti na uone uso wake.

Kama rangi unayoitaka haipo Dar, usimtume ndugu anayerudi kutoka Dubai ailete kwenye begi. Makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye ndege, ya mkononi wala ya kupakia, na atanyang'anywa uwanjani. Mizigo ya namna hiyo huja kwa meli.

Ukishanunua, usiende moja kwa moja kwenye bloku. Tafuta kipande cha chuma cha kasti, kifuniko cha breki ya zamani au braketi ya jenereta, kutoka kwa wauza skrepa. Kisafishe na ukipake vilevile utakavyopaka injini, praima na mikono yote. Kiache juani wiki moja. Kisha weka tone la petroli upande mmoja na tone la mafuta ya breki upande mwingine, subiri dakika kumi, bonyeza kwa ukucha. Upande wa breki karibu kila rangi italainika kidogo, huo usikutishe sana. Upande wa petroli ukikuta ukucha unazama au kitambaa cheupe kinatoka na rangi, rudisha kopo au lifanyie kazi nyingine. Kipande cha skrepa kimekupa jibu ambalo lebo haikupi.

Hatua ya 6: Kusafisha, yaani kazi yenyewe

Kwangua tope la oili kwa kisu cha kuondolea rangi. Lowesha kwa mafuta ya taa au dizeli, sugua kwa brashi ya waya, acha inyonye, sugua tena. Fanya hivi mbali na mafundi wa kuchomelea. Gereji nyingi za Gerezani na Ilala zimebanana kiasi kwamba cheche za jirani zinaanguka kwenye beseni lako. Rangi ya zamani iliyobaki ondoa kwa maji na msasa wa maji, usiikwangue kavu, kwa sababu rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na risasi na vumbi lake ni sumu. Maji machafu usiyamwage mtaroni. Mitaro ya mji huu mwisho wake ni Msimbazi au bahari. Yakusanye kwenye dumu.

Kisha maji ya moto na sabuni ya unga, kwa wingi, mpaka povu libaki jeupe. Suuza. Sasa fanya jaribio la maji: mwagia maji safi ubavuni mwa bloku na utazame. Maji yakitandaa na kuteremka kwa pamoja, chuma kimetakata. Yakijikusanya matone matone na kukimbia pembeni, bado kuna mafuta, hata kama kwa macho na kwa kidole huoni kitu. Rudia sabuni hapo hapo kwenye matone. Mahali panaposumbua zaidi ni chini ya pampu ya mafuta na kuzunguka kichujio cha oili.

Chuma cha kasti kilichooshwa, kwa hewa ya Dar, hakikai dakika nyingi bila kuanza kutu ya njano. Puliza maji kwa kompresa, uweke juani au upashe kwa mashine ya joto, na kikiwa bado vuguvugu ukifute kwa tina au asetoni na kitambaa cheupe. Joto litatoa oili iliyojificha kwenye vinyweleo, futa tena. Endelea mpaka kitambaa kibaki cheupe. Petroli na mafuta ya taa visiwe vya mwisho kugusa chuma, vinaacha utando. Mikono yako pia isiguse tena bila glavu, jasho lina chumvi.

Kutu iliyozama iondoe kwa brashi ya waya ya kuzungusha. Dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori inasaidia kwenye mashimo, mradi uifuate kama ilivyoandikwa na usiache maji yake yakauke juu ya chuma kama chumvi.

Hatua ya 7: Kuziba

Nyuso zote za gasketi, tundu za bolti, mashimo ya plagi, mlango wa oili na mdomo wa maji ziba kwa karatasi ya mafuta na tepu ya kuzibia rangi. Plagi za zamani ndizo kizibo bora cha mashimo yake. Mipira ya injini maunti na mifereji ya mkanda kwenye puli visipakwe.

Mahali waya wa ethi unapobana kwenye bloku paache chuma kitupu. Rangi ikiingia hapo, stata itakuwa inalia polepole na utabadilisha betri bure.

Namba ya injini ni muhimu kuliko hizo zote. Iko kwenye kadi ya gari ya TRA (Mamlaka ya Mapato), na askari au mkaguzi akitaka kuilinganisha na iliyogongwa kwenye bloku, lazima isomeke. Isafishe kwa brashi ya waya laini, ipige picha, na ipe mkono mmoja mwembamba tu. Usiisugue kwa msasa kwa namna yoyote. Namba iliyoguswa na msasa inazua maswali ambayo hutapenda kuyajibu kituoni.

Hatua ya 8: Siku ya kupaka

Chagua mwezi kama unaweza. Juni hadi Septemba hewa ni kavu kidogo na jua si kali. Masika, Machi hadi Mei, ni msimu wa kusafisha na kutafuta vipuri. Vuli pia huwa na siku zake mbaya.

Ndani ya siku, anza saa nne asubuhi na uwe umemaliza mkono wa mwisho kabla ya saa tisa. Asubuhi na mapema hewa imejaa unyevu, na bloku ni chuma kizito kinachokaa na baridi ya usiku muda mrefu baada ya jua kutoka. Unyevu unatua juu yake bila wewe kuuona. Chuma kinatakiwa kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji. Kwa miezi ya joto ya Dar kiwango hicho hukaribia nyuzi 24, kwa hiyo bloku ya nyuzi 28 kwenda juu ndiyo salama. Mkono wako ukisikia uvuguvugu, pako sawa. Kikiwa cha kuunguza, kivute kivulini, rangi itakauka kabla haijajisawazisha.

Ukitumia bunduki ya kupulizia, mwaga maji ya tangi la kompresa kabla ya kuanza na uwe na chujio la maji kwenye mpira. Chagua tina inayokauka polepole. Tina ya haraka kwenye unyevu wa hapa hupoza uso wa rangi, maji yanatua, na mng'ao unageuka ukungu mweupe.

Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, usifunike. Dakika kumi. Wa pili ufunike sehemu kubwa, ukianza na pembe na mashimo, uso mpana uje mwisho. Wa tatu umalize. Mikono mitatu miembamba ndiyo kazi. Mmoja mnene utateremka machozi na kubanduka ukipata joto. Soma pia muda wa kurudia kwenye kopo. Enameli nyingi za kupuliza zinasema mkono unaofuata uingie ndani ya saa moja, la sivyo usubiri siku kadhaa, nyingine wiki nzima. Ukirudi katikati ya hapo, mkono mpya unauamsha wa chini na kila kitu kinajikunja. Ukijiona umechelewa, acha. Nenda kanywe chai.

Tepu zitoe rangi ikiwa bado laini kidogo, ukivuta kwa kuikunja nyuma, ili ukingo ukatike vizuri.

Hatua ya 9: Kukomaa na kuwasha

Enameli ipe wiki moja kabla ya kuanza kufunga vitu juu yake. Tu-kei siku tatu nne za joto la Dar zinatosha kuishika, lakini petroli iepuke wiki nzima. Rangi ya mafuta ya kawaida ningeiacha hata mwezi.

Baadhi ya makopo ya enameli yanasema injini iwashwe isailensi (ingurume polepole bila kukanyaga mafuta) ili rangi ipikike, izimwe ipoe, iwashwe tena. Kwa injini ambayo haikufunguliwa, fuata. Kwa iliyotoka ovahoo na kamshafti mpya (shafti ya kufungua vali), na hasa injini za zamani zenye tapeti bapa zinazosuguana nayo moja kwa moja, usiiache isailensi hata kidogo. Kamshafti mpya ya aina hiyo huhitaji mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika kwa dakika 20 za mwanzo ili oili iifikie na iingiliane vizuri na tapeti. Kati ya rangi na kamshafti, msikilize fundi wa injini. Rangi itapikika tu, itafuka moshi na kunuka kidogo, jirani atauliza kama gari linaungua.

Baada ya kilomita 500 hivi injini nyingi za zamani zilizotoka ovahoo hukazwa hedi upya, na spana itachubua vichwa vya bolti. Hapo ndipo rangi uliyobakiza inapokuwa na kazi. Ile ya kopo, puliza kidogo kwenye kifuniko cha soda na uichukue kwa brashi ya kuchorea. Tu-kei iliyokwishachanganywa na hadna haihifadhiki, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tenga robo ya rangi bila hadna kwenye chupa ya kioo, funga mfuniko barabara, na uandike juu ya chupa namba ya mchanganyiko aliyokupa muuzaji.